Mguu wa Kushoto Kwenye Msiba wa Bibi

Jamani, leo nimeaibika mbele ya jeneza, kwaya na mchungaji. Nawaambia mwenyewe kabla hamjaambiwa na watu.

Tunamzika bibi yangu, mzaa mama. Alipokuwa hai alitamka mbele ya wote: "Safari yangu ya mwisho aendeshe mjukuu wangu. Mjomba wake akiendesha, nitachelewa ufufuo." Mjomba Mbonea hakucheka, ila neno la marehemu halivunjwi. Asubuhi akanikabidhi ufunguo wa pikapu.

Kazi yangu: kushusha jeneza tupu kutoka kwa fundi wetu huku mlimani hadi mochwari, Same mjini, kisha kumpandisha Bibi nyumbani. Mjomba akakaa mbele na mimi. Mama mdogo Nakiete akakaa nyuma na jeneza, pamoja na ndoo ya makande, mahindi na maharage, ya waombolezaji wa mjini. (Kwetu Upareni, msiba bila makande ni mkutano tu.)

"Shuka na gia," Mjomba akasema. "Breki iguse tu."

Sasa mimi, miezi miwili hii naangalia video za mashindano ya magari kwenye simu. Wale jamaa hawagusi! Wanachelewa hadi mlangoni mwa kona, halafu wanakanyaga kwa nguvu, tena kwa mguu wa kushoto. Nikajiambia, Bibi alinichagua kwa sababu hii. (Shetani ana maneno matamu.)

Kona ya tatu nikachelewa makusudi. Nikapeleka mguu wa kushoto kwenye breki.

Ndugu zangu, mguu wangu wa kushoto maisha yake yote umejua klachi tu, na klachi hukanyagwa mpaka chini. Ukakanyaga mpaka chini. Mamaaa! Gari likasimama papo hapo, injini ikazimika. Kofia ya Mjomba ikagonga kioo.

Nikakimbilia nyuma. Mama mdogo mzima, ameng'ang'ania bomba la bodi. Kifuniko cha jeneza kimefunguka. Makande yote yamo ndani, juu ya kitambaa cheupe.

"Mama aliyapenda makande," akasema taratibu, "lakini si hivi."

Akaanza kulia. Na mimi nikalia.

Tukayachota kwa mikono, maji hatuna. Mjomba akashika usukani. Tulipanga kubadilisha kitambaa kimya kimya mjini. Lo! Kwaya ilikuwa inatusubiri getini, ikiimba. Vijana wakalipokea jeneza, wakalitua mbele ya mchungaji.

"Shikamoo, Mchungaji," nikawahi. "Tunaomba dakika chache..."

"Marahaba. Kuna nini?"

Mjomba ni mzee wa kanisa, hawezi kudanganya. Akafunua. Harage moja likadondoka miguuni pa mchungaji. Kwaya ikakatika katikati ya ubeti.

"Dereva ni nani?"

Vidole vyote kwangu. (Hata cha mama mdogo.)

Kitambaa kipya kikapatikana, Bibi akalazwa vizuri. Mjomba ameendesha kwa gia ya kwanza mlima mzima. Mimi nilikaa nyuma, mgongo ukilizuia jeneza lisirudi, mguu wa kushoto nimeukaza kwenye mlango wa bodi. Kila kona nilimwambia, "Nipo, Bibi. Nisamehe." Alitaka nimfikishe mimi, na amefika salama.

Kama lazima mcheke, chekeni kesho. Leo tuna msiba.