Runinga Yenye Jicho na Mimi Dokta Mbaruku

Jumatatu, 16 Juni
Wametufungia runinga chumba cha dharura. Ina jicho juu na kitufe chekundu chini. Ukibonyeza anatokea daktari yuko Dodoma, anakuona, anakuelekeza. Mganga mfawidhi wetu, Dokta Aloyce, anachekelea kama kaoa jana. Mimi Mbaruku, tabibu mwenye miaka kumi na moja kazini, niliyefika Tunduma, Bujumbura na Lubumbashi, nielekezwe na runinga? Chuo nilirudia mwaka, sawa. Lakini Kashaulili nzima, mpaka wauza vitenge, wananiita Dokta. Jina hilo siligawi na mtu.

Jumanne, 17 Juni
Mpango wangu dhidi ya runinga umeanza. Wakati wa chai nimemnong'oneza Sista Joséline kwamba lile jicho halilali. Linarekodi nani kachelewa, nani anachati, na picha zinakwenda kwa wakubwa. Nikasema ni siri. Kufika saa sita, mpaka dobi anajua.

Jumatano, 18 Juni
Raha tupu. Wauguzi wanapita wameambaa ukutani kama wanakwepa mvua. Tabibu mwenzangu Zefania kajitia kusema runinga ni msaada, maana wikiendi anabaki peke yake na mikono inamtetemeka. Nikamuuliza kama anataka wakubwa waone inavyotetemeka. Kitufe hakijaguswa.

Alhamisi, 19 Juni
Siku mbaya. Saa nne asubuhi Mama Pacifique kaingia mbio kutoka Katumba, mtoto wa miaka mitatu mgongoni. Malaria, degedege. Nikampa dawa, degedege likakata, lakini mtoto haamki. Namfinya, kimya. Aloyce yuko mkutanoni. Nikamwambia Joséline abonyeze. Kagoma: bonyeza mwenyewe Dokta, mimi nina watoto wa kulisha. Akaenda kujibana konani na Zefania, jicho lisiwaone. Mama mtu hakulia. Alisema tu, Dokta, huyu ndiye niliyebaki naye. Yaani aliniita Dokta, nikatamani aniite jina lingine lolote.

Nikabonyeza.

Katokea binti, Dokta Sabrina. Nilidhani ni mtoto wa daktari. Kwanza akauliza mbona chumba hakina wauguzi. Kisha kwa upole: kaka, sukari umeshapima? Sikuwa nimepima. Miaka kumi na moja! Nikapima, iko chini kabisa. Akanihesabia glukosi, Joséline akatoka konani kumshika mtoto mkono, nikasukuma sindano polepole kama nilivyoambiwa. Dakika chache baadaye Pacifique kafumbua macho, kaomba ugali. Nimelia. Nimewaambia ni vumbi la tumbaku kwenye kitenge cha mama mtu.

Ijumaa, 20 Juni
Joséline kaniuliza ile habari ya kurekodi niliitoa wapi. Nikamjibu nimeichunguza mwenyewe, ni uzushi, na nitamsaka aliyeuleta. Sokoni nimeeleza nilivyomfundisha kazi daktari wa Dodoma. Aloyce kanipa usimamizi wa runinga, kwa kuwa hakuna mwingine aliyewahi kuiwasha.

Jumamosi, 21 Juni
Nimemwita Sabrina mara saba kabla ya adhuhuri. Jipu. Mba. Mlinzi wetu anayekoroma. Mara ya saba kasema, kaka Mbaruku, tafadhali, kitufe hiki ni cha dharura. Nimemsamehe. Bado mchanga, dharura hajaziona nyingi. Jumatatu asubuhi nitamwita tena nimpe somo la saa mbili nzima, tuanze na mba.