Machozi ya Filamu

Aibu niliyoipata leo, jamani, sijawahi kuipata, na kosa ni langu mwenyewe.

Mnajua tangu kiwanda kisimamishe mishahara nimeacha kusali. Mke wangu, Mama Odette, amehamia kanisa la maombi pale mtaa wa Kikula. Miaka mitatu sasa anafunga na kuniombea nirudi kwa Mungu. Leo nimemwambia naenda sokoni. Uongo! Nimeingia ukumbi wa video.

Filamu ilikuwa ya kuchekesha, ya mchungaji aliyechoka na Mungu. Kila akifunga sanduku aondoke, mgonjwa anagonga mlango. Akimwombea, mtu anapona papo hapo. Yeye mwenyewe jino linamuuma tangu mwanzo, na haliponi! Watu wakacheka. Nami nikacheka. Halafu, sijui imekuwaje, nikaanza kulia. (Mzee mzima, kwa jino la mtu mwingine.)

Filamu ikaisha nimefunika uso. Nikaona haya kutoka na machozi, nikangoja wenzangu watoke. Wakatoka. Wakaingia wengine, na ngoma na kinanda. Mungu wangu! Nilisahau kwamba kuanzia saa kumi ukumbi ule ule ni kanisa la mke wangu.

"Baba Odette analia!" mama mmoja akapaza sauti. "Roho imemugusa!"

Nikabebwa mpaka mbele. Mke wangu, katikati ya kwaya, akapiga magoti. Mchungaji akaniwekea kipaza sauti mdomoni.

"Papa, shuhudia! Nini imekugusa?"

Nikachanganyikiwa kabisa.

"Kulikuwa mtu mmoja," nikasema, "alichoka na Mungu..."

"Amina!"

"Akafunga sanduku..."

"Amina!"

"Lakini jino lake..."

Mwenye video alikuwa bado nyuma, anakunja nyaya zake. "Papa, pardon!" akaita. "Usiwaambie mwisho! Kesho tunaionyesha tena!"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko, mchungaji akiwa wa kwanza. Mke wangu peke yake hakucheka. Alikuwa bado amepiga magoti.

Njiani nimemwomba msamaha. Akazidi kutembea mbele yangu. Tulipokaribia nyumbani akasimama.

"Na ule muntu, ku mwisho alirudiaka kwa Mungu?"

"Sijui. Nilikuwa nimefunika macho."

"Lakini weye!" Akanitazama sana. "Basi, kesho tunaenda wote wawili."

Kwa hiyo kesho nitakaa kwenye ukumbi ule tangu filamu mpaka maombi yaishe. Kama kweli ni rafiki zangu, msije kunichungulia dirishani.