Ukombozi wa Pua ya Shangazi

Sogezeni viti, enyi mliokaa na mliosimama, nanyi mnaojifanya hamsikilizi, niwasimulie jinsi Kidole Chepesi, mtengeneza tovuti, simba wa kibodi, alivyoikomboa pua ya shangazi yake mbele ya kadamnasi ya saluni.

Asubuhi hiyo viti vyote vilijaa. Shangazi, malkia wa vitana, alikuwa katikati ya kusuka kichwa pale mteja wa dirishani alipofungua tovuti mpya ya saluni kwenye simu, akapiga ukelele. Kwenye kompyuta uso wa Shangazi pichani ulimeremeta mzima; kwenye simu, ole! ilionekana pua peke yake, pana kama lango la ngome, matundu yake mawili yakiwakodolea walimwengu.

"Dada, hii saluni au pango?" akauliza mteja. Nyumba nzima ikaangua kicheko.

Shangazi akamgeukia mtoto wa kaka yake, kitana mkononi kama upanga. "We mtoto! Nimebakisha mistari mitatu. Nikimaliza kichwa hiki na pua yangu haijarudi usoni, kazi hii nampa mwingine, na mbele za watu usiniite shangazi!"

Ndipo Kidole Chepesi akafunua kompyuta yake kama afunuaye ngao, akazama katika msitu wa maandishi. Mstari wa kwanza ukasukwa, adui haonekani. Wa pili ukafika kisogoni, jasho likamtiririka. Hata akazikuta, zimesimama uso kwa uso, amri mbili zenye jina moja: shangazi. Ya kwanza aliiandika yeye, picha ijikunyate itoshe kwenye simu. Ya pili aliiandika Maringo, mtoto wa baba yake mdogo, kuzikuza picha za mitindo ya nywele. Kila mmoja, kimyakimya, alitaka kumpendeza mama huyu. Na tovuti, isiyojua udugu, ilimtii aliyesema mwisho.

"Badilisha jina la amri yako!" akanguruma Kidole Chepesi.

"Thubutu!" akajibu Maringo, amejinyoosha kwenye kochi la wateja. "Mimi ndiye ninayempenda zaidi."

Ukabaki nusu mstari. Shujaa akameza kiburi kikavu bila maji, akainua kidole, na penye jina la amri yake mwenyewe akaongeza tarakimu moja: 2. Pua ikasinyaa! Macho yakachomoza, midomo ikafuata, kidevu kikafunga msafara. Vigelegele!

Lakini Shangazi akachungulia kompyuta. "Shangazi wa pili? Wa kwanza nani?"

Saluni nzima ikageuza shingo. Hata mashine ya kukaushia nywele ilizimwa, watu wasikie vizuri.

"Nisamehe, Shangazi, ulimi wa vidole uliteleza," akanena shujaa, akafuta tarakimu, akaandika: shangazi-mkuu.

"Hapo sasa umenena." Akafunga fundo la mwisho. "Na wewe Maringo unayenipenda zaidi, shika fagio, nywele hizo hapo chini."

Basi na iandikwe, wajukuu wasome: kwa herufi nne na kistari kimoja, pua ilirudi usoni, na uso ukarudi kwa mwenyewe.