Filimbi Yangu na Machozi ya Brayndl

Alhamisi, 4 Eluli

Nimedharauliwa! Babu alipiga filimbi mbele ya bendi hii, baba akapiga, mimi napiga mwaka wa ishirini na mbili. Leo Kalmen, mpiga fidla na mkubwa wetu, kamleta bwana mmoja wa Odesa, Nyoma, na klarineti yake. Eti filimbi haisikiki ngoma ikikolea. Klarineti! Bata akikanyagwa hutoa sauti hiyohiyo.

Nilimkabili Kalmen. Akasema Jumanne, kwenye harusi ya Brayndl, binti wa mwenye kinu, tutapiga wote wawili wakati wa kumliza bibi harusi, ile desturi yetu Wayahudi kabla ya kufunga ndoa. Atakayemliza atakaa mbele. Mwenzake atashika matoazi.

Matoazi! Mimi!

Jumapili, 7 Eluli

Jana Sabato, hakuna kuandika. Nilitukana moyoni tu.

Kuna tatizo: Brayndl halii. Anampenda mchumba wake, anacheka hata akiona kuku. Bibi harusi gani huyu? Enzi za baba walianza kulia tangu wiki ya posa.

Lakini atakayemfumua nywele pale kwenye kiti cha bibi harusi ni mke wangu, Dvosye, na kitambaa cha machozi kitakuwa kwenye aproni yake. Wazo lilinijia nikila samaki kwa hreni, mzizi ule mkali unaomtoa mtu machozi hadi puani.

Jumatatu, 8 Eluli

Nimekuna hreni, nimeikamua, nimelowesha kitambaa, nimekianika. Nimelia saa nzima. Dvosye akauliza nina nini. Nikasema namkumbuka baba. Akanikaangia mayai, maskini.

Jumanne, 9 Eluli

Uonevu mtupu!

Nilianza mimi. Nikapiga ule wimbo wa babu, wa taratibu, vizuri kuliko nilivyowahi kuupiga. Brayndl macho makavu, karibu apige miayo. Nikamkonyeza Dvosye atoe kitambaa. Hatoi! Kumbe asiyelia hapewi kitambaa. Hilo sikuliwaza. Na Dvosye naye, miaka yote hii kwenye harusi, hakunitajia hata siku moja!

Akaja Nyoma. Akapuliza kidogo, Brayndl akadondosha chozi moja. Moja tu, nadhani la vumbi. Dvosye huyo, mbio na kitambaa. Basi! Alilia kitini, akalia njiani, akalia chini ya chandarua wanapofungishiwa ndoa. Mama wa bwana harusi akakiazima kitambaa, naye akaanza. Mwenye kinu akambusu Nyoma mashavu yote mawili, akasema hajasikia klarineti kama ile tangu azaliwe. Kalmen akanikabidhi matoazi palepale.

Jumatano, 10 Eluli

Dvosye kakifua kitambaa, kajua yote. Hakugomba. Alikaa tu mbele yangu.

"Zelik, ulipokuwa unapiga jana, mimi nililia," akasema. "Nikajifuta na mkono wa gauni, watu wasinione."

Nilipandwa na hasira. Analia kimyakimya kwenye mkono wa gauni, na Kalmen yuko hatua mbili! Huyo ni mke wa kumsaidia mumewe? Nikamwambia machozi ya mke hayahesabiwi. Akachukua ndoo, akaenda kumkama mbuzi.

Mbuzi! Nyoma huanika vile vipande vya tete anavyopulizia klarineti kwenye dirisha la Kalmen. Dirisha lenyewe liko chini. Na mbuzi wetu hajawahi kukataa kitu.

Kesho asubuhi nampeleka matembezi.