Hema la Kando ya Mto

Jumatano, 1 Julai

Mwaka huu jirani yangu Gordy Tschida atanikoma! Kila sikukuu ya Nne ya Julai, siku ya uhuru wa Marekani, yeye hupiga hema kando ya mto, mimi nabaki karibu na vyoo navuta harufu. Mke wangu Marlys ameapa: tukilala tena kando ya vyoo, anachukua gari na kwenda kwa dada yake. Hapa kwenye kambi ya mapumziko anayewahi nafasi ndiye mwenyewe, mradi alale hapo usiku wa kwanza. Nami niko kazini hadi Ijumaa! Basi nimepiga hema tupu kando ya mto, lionekane lina mtu: viatu mlangoni, redio inatangaza besiboli. Na soseji za kukaanga, panukie mtu. Akili ni mali.

Alhamisi, 2 Julai

Laana! Bi Verna, mstaafu anayejitolea kusimamia kambi, kanipigia simu dukani ninakofanya kazi. Kasema hemani kweli kuna anayekoroma, ila ana mkia. Rakuni, wale wanyama wezi wa chakula! Mama na wanawe wamemaliza soseji, wamelichana hema, wamelala. Nikamwambia kanuni inataka hema lilaliwe, na limelaliwa. Akajibu basi mwenye nafasi ni rakuni, baba. Kisha kawafukuza, nafasi kampa Gordy! Naye kanitumia ujumbe: pole mzee, wapangaji wako wamehama. Mshenzi!

Ijumaa, 3 Julai

Vyooni. Marlys kaziba pua. Nimemshtaki Gordy kwa Bi Verna kwamba kaleta kuni za kwao, jambo lililopigwa marufuku kwa sababu ya wadudu wanaoua miti. Kakagua. Kuni za Gordy zimenunuliwa hapahapa kambini. Kisha akachungulia gari langu. Kuni zangu, nilizotoka nazo nyumbani, kazichukua zote! Usiku tumekula soseji mbichi za baridi.

Jumamosi, 4 Julai

Gordy katualika kula kwake na kutazama fataki za mjini ng'ambo ya mto. Bora nife! Marlys kaenda. Nimesikia akicheka. Mimi nimeziona fataki nikiwa kwenye foleni ya choo.

Jumapili, 5 Julai

Marlys kaondoka na gari. Kaniambia hakutaka mto, alitaka mume wa kukaa naye. Nimelia kidogo, kwa hasira. Gordy kaja kusema anaondoka, nafasi ni yangu, nilale tu usiku mmoja na nimpigie Marlys aje. Nilale mwenyewe? Ananiona mjinga!

Nimelishona hema, nimelipiga mtoni, nimeweka viatu na redio, na sasa narudi nyumbani kwa lifti ya huyohuyo Gordy. Safari hii sikuacha soseji hata moja. Nimeacha samaki.