Unyayo Namba Arobaini na Sita

Redio ya muuza kahawa haijamaliza hata vichwa vya habari, Martin, ambaye kijiwe kizima cha pale sokoni Lushoto kinamwita Taarifa, akadakia.

"Mmesikia? Wazungu wamegoma kula mboga zinazopanda ndege. Wanasema moshi wake unachemsha dunia."

Ibrahimu akatua kikombe. Jina lake la kijiweni ni Eksipoti, maana shamba lake lote kule Vuga ni maharage machanga ya kwenda Ulaya, na wiki hii ndiyo ilikuwa yapande ndege. Mnunuzi mwingine hana. Akajikaza, kwa sababu ukionyesha woga kijiweni pale utachekwa mpaka Idi.

"Mimi hilo nimeshalimaliza," akasema. "Afisa wa kampuni alituambia mkutanoni, mnunuzi anataka zao lenye unyayo mdogo wa kaboni. Basi nimeweka wachumaji wa miguu midogo tu. Mke wangu anavaa kiatu namba thelathini na sita."

Mwanahamisi, muuza matunda, kahawa ikamtoka puani.

"Kumbe ndiyo maana ulinitimua shambani?" Faraji, shemeji yake Ibrahimu, akanyoosha mguu uliojaa kandambili ukamwagikia pembeni. "Nikajua nimesingiziwa wizi."

"Unavaa arobaini na sita, shemeji. Ukikanyaga tuta moja tu, Ulaya nzima ina habari."

"Unyayo ni moshi, mghosi," Taarifa akasema huku akijifuta machozi. "Moshi wote, tangu mbolea mpaka sahani ya mlaji. Hata tufaha la Mwanahamisi, limepanda meli na malori kutoka Afrika Kusini, unyayo wake kama wa tembo."

"Niachie matufaha yangu. Nikileta ya hapa Lushoto mnasema hayana stika."

"Kwani stika inaliwa?"

"Wewe jana uliila."

Kicheko hakijaisha, simu ya Ibrahimu ikaita. Akasimama kupokea. Akasikiliza, akaitikia "ndiyo, afisa" mara kadhaa, akaketi taratibu.

"Hawachukui. Mzigo wa ndege umesitishwa. Anasema tuuze hapahapa, tule wenyewe."

"Tule nini?"

"Maharage machanga. Jioni nawaletea, kila mtu kapu lake."

Ghafla Taarifa akakumbuka ana mgonjwa Muheza. Mwanahamisi akakumbuka meza yake haina mtu. Watu wa pale wanakula maharage yaliyokomaa. Haya ya kijani wanayaona majani. Ibrahimu alipoona benchi lilivyobaki karibu tupu, kicheko kikamshinda.

Faraji peke yake hakuondoka. "Mimi nitakula, shemeji. Mengine tuyapeleke kwenye hoteli za watalii, Wazungu wale wameshafika wenyewe. Ila gari la kuyatoa Vuga tutapata wapi?"

Ibrahimu akautazama ule mguu, safari hii kwa heshima.

"Gari la nini, wakati lina moshi? Umerudishwa kazini, shemeji. Utayabeba kwa miguu."