Kalori 188 za Kupanda Kiriri

Ndugu Mwenyekiti Audace,

Salaam na heshima zote zikufikie. Ni mimi Kaltum, mke wa Haitham muuza vitambaa, ninayekimbia mstari wa pili kila Jumapili alfajiri na mtandio wa kijani. Orodha uliyobandika ukutani Nyakabiga inasema nimechoma kalori 188, na kwamba asiyefikisha 300 haendi mbio za Gitega na klabu yetu, bali anahamishiwa kundi la watembeaji. Katika kundi hilo yumo mama mkwe wangu, mwenye miaka sabini na miwili, ambaye tangu juzi ananiwekea nafasi kando yake huku akitabasamu. Nimeumia, Mwenyekiti. Malalamiko yangu ni haya:

1. Saa ya kalori mliyotuvalisha hukaa mkono wa kushoto. Mkono huohuo ndio unaoshika mtandio wangu usipeperuke. Kwa kuwa hautikisiki, saa inaamini nimekaa. Tulipokuwa tukipanda kilima cha Kiriri, roho ikiwa mkononi, iliniandikia kwamba nimekaa muda mrefu, niinuke nitembee. Sikuwa na pumzi hata ya kuitukana.

2. Daphrose, anayetuimbisha tukikimbia, aliteguka mguu njiani, akabaki penye kibanda cha ndizi akitupigia makofi. Amepata 412! Nilipomwuliza akanijibu, "Mama Marwa, saa haidanganyaka mutu. Mi nilipiga makofi na roho yote."

3. Nimefanya utafiti. Nilihamishia saa mkono wa kulia nikasonga bugali wa wageni kumi na wawili: kalori 97, bila kutoka jikoni. Mume wangu akaivaa dukani akipima vitambaa hadi adhuhuri: 240. Ikiwa saa hii husema kweli, basi mbio za nini? Tupande Kiriri na masufuria, tusonge huko.

4. Mpaka kipimo cha haki kipatikane, naomba kalori zipimwe kwa jasho. Kila mwanachama akamue nguo yake bakulini mbele yako, nawe upime kwa kikombe cha kahawa.

5. Likikushinda hilo, basi wote wakimbie wameshika mtandio kwa mkono wa kushoto, nawe ukiwemo. Wako nitautoa dukani bure. Chagua rangi tu.

Nakuombea magoti imara na Jumapili isiyo na mvua. Nisalimie mama watoto wako Chanelle na wanachama wote, hata Daphrose na mguu wake.

Mimi katika mstari wa pili, inshallah,
Kaltum

Baada ya barua: Binti yangu Marwa ameisoma, akacheka mpaka akakaa chini. Anasema kabla ya kuhesabu mikono, saa huuliza kilo za mtu, na mwenye kilo nyingi huchoma zaidi. Mimi niliiandikia 49, nilizokuwa nazo siku ya harusi. Daphrose aliandika zake zote. Marwa amepiga hesabu: kwa kilo zangu za kweli, mkono ukiwa umetulia vilevile, ningepata 345 na Gitega ningekwenda. Nikafurahi sana, mpaka aliponikumbusha kwamba orodha yako ya ukutani ina safu ya kilo, na kila apitaye huisoma.

Mwenyekiti, niandike kwa watembeaji. Mama mkwe nimekwisha kumwambia kwamba nahamia kwake kwa mapenzi.